Fundi Anayesikiliza Kabla ya Kufungua

Watu wakiwasifu mafundi wa magari wa mji wa Baraka, mashariki mwa Kongo, husifu waya na mpira: springi iliyovunjika ilifungwa kwa vipande vya tyubu, gasketi ikakatwa kwenye boksi, na kamio (lori) ikafika Fizi. Ni kweli hayo hufanyika. Lakini kufunga springi kwa mpira hata utingo anaweza. Kazi ngumu imetangulia, nayo ni kujua kilichokufa kabla bolti moja haijaguswa.

Barabara ndiyo imewalea hivyo. Barabara ya taifa namba 5 inatoka Uvira na kuandamana na Ziwa Tanganyika kuelekea kusini, inapita Makobola na Mboko, kilomita 90 hivi hadi Baraka, kisha inaliacha ziwa na kupanda milima ya Fizi. Masika mito huikata. Vifaa vingi huanzia safari Dar es Salaam, vikapitia Bujumbura au vikavuka ziwa kutoka Kigoma, na kila mkono vinaopitia unaongeza bei. Fundi akifungua injini kwa kubahatisha, akaagiza kifaa kisichohitajika, mwenye gari amepoteza siku nyingi na faida ya mzigo mzima.

Chukua Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, ambayo Toyota ilianza kuifunga mwaka 1990. Haina kompyuta ya kumwambia mtu kinachouma. Pampu yake ya mazutu (dizeli) inaendeshwa na mkanda, kwa nguvu ya injini yenyewe, na kila kosa linasikika, linaonekana au linanusika. Dereva anasema gari halina nguvu mlimani na likisimama linatetemeka. Fundi hafungui boneti kwanza. Anauliza mazutu yalinunuliwa wapi, na kama yalitoka kwenye bidoni, yaani dumu. Anauliza kama asubuhi liliwaka upesi. Kisha: "Papa, washa," na macho yanakwenda kwenye moshi.

Moshi mweusi ni mafuta yaliyozidi hewa: chujio limeziba, au nozo, kinyunyizio cha mafuta, inamwaga badala ya kunyunyiza. Wa bluu ni oili inayoungua, yaani ringi za pistoni au vali zimechoka. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, huku rejeta ikipungua maji, unamfanya fundi anyamaze kidogo. Anachomoa kijiti cha oili na kutazama kama imegeuka rangi ya maziwa. Ikiwa hivyo, gasketi ya silinda hedi imekwisha, na siku ya mwenye gari imeharibika.

Lakini sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya kumtafuta mgonjwa kati ya silinda sita. Injini inanguruma taratibu. Fundi analegeza nati ya bomba linaloingia kwenye nozo ya kwanza, mkono ukiwa mbali na njia ya mazutu, maana shinikizo lake linaweza kutoboa ngozi. Mlio unayumba. Maana yake silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi, na kunyimwa mafuta kumeonekana. Anakaza. Ya pili, mlio unayumba. Ya tatu vilevile. Ya nne analegeza na mlio haubadiliki hata kidogo. Amempata, lakini bado hajui ugonjwa. Anazima injini, anahamisha nozo ya nne kwenda ya tano na ya tano kuja ya nne, anatoa hewa kwenye mabomba na kuwasha tena. Kosa likiifuata nozo, nozo ndiyo mbovu. Likibaki palepale, nozo haina kosa; ubovu uko kwingine, pengine ndani, kwenye vali au ringi. Mpaka hapo hakuna hata kifaa kimoja kilichonunuliwa.

Ubunifu unaosifiwa huja baada ya hapo, nao una sheria. Gasketi ya maji hukatwa kwa kulaza karatasi ngumu juu ya chuma na kuigonga pembeni kwa nyundo ndogo, taratibu, mpaka ukingo wa chuma uikate wenyewe. Kijana anayejifunza huharibu karatasi nyingi kabla ya kupata moja isiyovuja. Bushi inaweza kuchongwa kwenye tairi kuukuu. Lakini dereva akiomba bomba la breki linalovuja likunjwe na kupondwa ili gurudumu moja liachwe bila breki, fundi wa kweli anasema, "Papa, hiyo hapana." Kamio iliyojaa itakayoteremka kutoka Fizi haiendeshwi kwa magurudumu matatu yenye breki, wala kwa viungo vya usukani vilivyofungwa waya. Wapo wanaokubali kufanya hivyo, na wana wateja wengi. Mimi siwaiti mafundi.

Kinachoniudhi ni malipo. Wenye magari hulipia kifaa kilichobadilishwa na jasho lililoonekana. Fundi akisikiliza saa nzima, kisha akakaza nati moja na gari likapona, anaambiwa hakufanya kitu, anapewa pesa ya soda. Tusishangae basi wengine wakishusha injini nzima kwa tatizo la chujio. Gari lako likikohoa Baraka, patana na fundi bei ya kulitafuta tatizo kabla hajashika spana, na umlipe hata kama dawa itakuwa nati moja.