Kuzaa si Kazi, Kazi ni Kulea

Mwaka 1818 kilichapishwa London kitabu kiitwacho Frankenstein. Mtungaji wake, Mary Shelley, alikuwa mwanamke Mwingereza wa miaka 20 tu. Wengi husema kitabu hiki chamwonya mtaalamu asiingilie kazi ya Mungu. Ewe msomaji, kisome mwenyewe, nami nadhani utaona kuwa maana yake kubwa ni nyingine.

Victor Frankenstein, mwanafunzi wa sayansi, aviunga viungo vya maiti na kuvitia uhai. Mara kiumbe kifumbuapo macho, Victor akimbia kwa hofu. Hakipi hata jina. Kiumbe hicho chajifunza kusema kwa kuchungulia penye ufa katika nyumba ya maskini. Chatafuta urafiki, chapigwa. Ndipo kigeukapo muuaji.

Walakini kosa baya zaidi la Victor ni kunyamaza. Mdogo wake auawa, na mtumishi wa nyumbani kwao, Justine, ashitakiwa bila hatia. Victor ana hakika moyoni ni nani muuaji, lakini achelea kuitwa mwendawazimu. Hasemi, na Justine anyongwa. Hapo ndipo penye uzito wa kitabu. Kasoro yake ni kuwa Victor apewa nafasi ndefu mno ya kujililia, na Justine apewa kurasa chache. Hata karibu na kufa, Victor asema hajioni mwenye lawama. Lakini mtungaji hatulazimishi kumwamini. Hukumu ametuachia sisi.

Jambo hili si la hadithi tu, wala si la Ulaya peke yake. Katika miaka ya 1950 sangara, samaki awezaye kupita kilo 100, alitiwa katika Ziwa Victoria. Waliomtia hawakuumba samaki, lakini waliubadili uhai wa ziwa zima. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer aliandika kulipinga jambo hilo, hali sangara amekwisha kuingia. Baadaye aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili, zilitoweka, na sangara alikuwa sababu mojawapo kubwa. Ni kweli pia kwamba sangara alileta biashara kubwa ya minofu, na watu wengi walipata riziki. Faida hiyo haiwaondolei wataalamu wajibu wa kuchungua na kusema.

Wajibu huo wazidi kukua. Mwaka 2020 wakulima wa Kenya walianza kupanda pamba ambayo asili ya mbegu yake imebadilishwa na wataalamu ili ishindane na funza. Sisemi pamba hiyo ni mbaya. Nauliza ni nani atakayeiangalia shambani miaka 20 ijayo, na kama ataona dosari, je, atasema?

Kesho huenda mtaalamu huyo akawa wewe. Mtaa wetu hapa Likoni waitwa Shika Adabu, na adabu ya mtaalamu ni hii: asikikimbie alichokizaa, wala asinyamaze ajuapo madhara yake, ijapokuwa kusema kwamharibia jina.