Mzaha wa Chawa Alaye Mawe

Ndugu msomaji, wahenga walituonya kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha. Ni kweli, lakini uko mzaha ambao hutumbua jipu lililokwisha kuiva, mgonjwa akapata nafuu. Mmoja wa namna hiyo ulionyeshwa katika televisheni ya Ujerumani mwaka 1976, na asili yake iko hapa kwetu.

Ukifika Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ukaelekea mashariki, utaikuta Hifadhi ya Serengeti. Huko Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama kutoka angani, katika ndege iliyopakwa milia ya punda. Michael alifariki Januari 1959, ndege hiyo ilipoanguka. Filamu yao, ambayo jina lake ni kama kusema Serengeti Isife, ilitoka mwaka huo huo, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar. Baba akawa mwalimu wa taifa zima katika habari za wanyama, alilolisema liliaminiwa.

Ndipo mchekeshaji Loriot alipomwiga. Kwa sauti ile ile ya upole na uhakika, aliwaeleza watu habari za chawa alaye mawe, mdudu asiyekuwapo duniani, ambaye kwa siku moja hula kilo 28 za saruji na matofali. Watu walicheka, wala hawakusahau. Mwaka 1983 chawa huyo akatiwa katika Pschyrembel, kamusi mashuhuri ya tiba. Alipoondolewa mwaka 1994, wasomaji walilalamika hata akarudishwa mwaka 1997.

Kwa nini ulipendwa? Kwa sababu haukucheka umbile la mtu, wala kabila, wala msiba wa aliyefiwa na mwana. Uliicheka ile sauti tulivu ambayo ikisema neno, msikilizaji huacha kufikiri. Hiyo si dhihaka. Hayo ni mafunzo.

Hata hivyo, naona upungufu. Loriot aliyacheka aliyoyasema msimulizi, hakuyagusa aliyoyanyamazia. Grzimek alishikilia kwamba hifadhi isikaliwe na watu, hata wenyeji. Na mwaka 1959 wafugaji wa Kimasai waliondolewa Serengeti. Mkulima wa Simiyu, ambaye tembo huvuka mpaka na kumlia mahindi, ni nadra kumwona katika filamu za namna hiyo.

Basi, msomaji, ukikaa na wanao kutazama filamu ya wanyama, furahini na mjifunze. Kisha waulize watoto: ni nani aliyesema, na ni nani ambaye hakuulizwa?