Bundi Asiyekufa

Kila kijiwe cha karata kina sheria zake, na michezo ya kuigiza mezani ni hivyo hivyo: kitabu kinasema hili, wachezaji wanaamua lile. Mimi sheria hizo za nyumbani huzisoma kama hadithi, maana ndizo zinazoamua nani ni mhusika na nani ni chombo tu. Mfano mzuri ni pepo mwandani, yule anayemfuata mchawi akiwa na umbo la mnyama.

Chukua Dungeons & Dragons, toleo la 5, kitabu cha wachezaji cha 2014. Mchawi anachoma mkaa, ubani na mitishamba ya vipande 10 vya dhahabu kwenye chetezo cha shaba, kazi ya saa nzima, ndipo pepo anamjia: paka, popo, chura, buibui, nyoka. Akitaka kumbadilisha umbo, anaanza upya. Pepo akiuawa anatoweka tu, bila hata maiti, na kwa ubani mwingine anarudi.

Matokeo yake? Karibu kila mtu anachagua bundi, kwa kuwa anaona gizani na anampita adui bila kupigwa. Ndege ambaye kwetu akilia juu ya paa watu hawalali, hapa amekuwa tochi. Kuna mtego mbele? Tanguliza bundi.

Sasa wengi wanaongeza sheria yao: pepo abadilike wakati wowote, bila chetezo. Naelewa, saa nzima inachosha. Lakini ndiyo wamemmaliza kabisa. Panya kwenye tundu, samaki mtoni, mwewe angani. Kikao kikiisha, hata jina lake hakuna anayelikumbuka.

Philip Pullman aliliona hili kwenye Northern Lights (1995). Daimoni wa mtoto hubadilika apendavyo, ila mtoto akikaribia utu uzima, daimoni hutulia kwenye umbo moja, basi. Tunayajali mageuzi yale kwa sababu tunajua yana mwisho.

Kwa hiyo sheria ninayoitetea ni hii: abadilike bure, lakini kila akifa apoteze umbo alilofia, moja kwa moja. Kitabu kinataja maumbo 15, kwa hiyo si adhabu ya kuua mchezo. Utaniambia wachezaji watamficha mfukoni. Wamfiche! Mtu hafichi tochi, anaficha anayemhurumia. Ila mwongoza mchezo naye awe na haya, asimwinde pepo kila kikao ili sheria ionekane inafanya kazi.

Halafu ngojeni mwaka upite. Bundi alishaungua, paka alishazama, mwandani amebaki kaa peke yake, anatembea upande juu ya bega la mchawi. Kaa huyo hamtamtanguliza kwenye mtego wowote.