Sifa za Kiraka

Katika Kiswahili, kiraka hakina bahati. Mtu akisemwa amevaa viraka, msikilizaji huuona umaskini kabla ya kuiona nguo. Barabara ya viraka ni barabara iliyowashinda watengenezaji, na katiba iliyorekebishwa mara kwa mara husemwa imejaa viraka, kwa sauti ya kulalamika. Uwanja wa mpira peke yake ndio uliokipa kiraka heshima: mchezaji kiraka ni yule anayepangwa beki leo na kiungo kesho, na popote alipo pengo huzibika. Mimi ni mshonaji wa viraka, na katika jambo hili naafikiana na watu wa mpira. Nataka kukisifu kiraka, na kuisifu kazi ya kukishona, kwa kuwa nimeishi nayo miaka mingi na sijaona kazi nyingine ya mkono inayomfundisha mtu kwa upole namna hii kukitazama kilichobaki.

Ninachoshona zaidi ni mfarishi. Neno hili vijana wengi hawalijui tena. Wao husema blanketi la vipande. Mfarishi ni tandiko la matabaka: juu vipande vilivyoungwa, chini kitambaa kimoja kizima, na katikati kitu cha kuupa unene. Zamani katikati palijazwa pamba au sufi. Joto la hapa Tanga halitaki sufi, kwa hiyo mimi huweka shuka kuukuu lililolainika kwa kufuliwa, nalo hutosha hata kwa usiku wa Julai. Matabaka hayo huyashikamanisha kwa bandi, ule mshono mwepesi ambao kila mtoto aliyewahi kupewa sindano huanza nao: ingia, toka, ingia, toka.

Vipande sinunui. Chini ya meza ya fundi cherehani wa mtaani kwetu, Ngamiani, kuna gunia la mabaki, na kila Jumamosi fundi huniruhusu nichague. Gunia lile ni kalenda ya mji. Januari linajaa kaki, bluu na damu ya mzee, maana shule zinafunguliwa. Siku za mwisho za Ramadhani linajaa nyeupe ya kanzu na vitambaa vinavyometameta vya magauni ya watoto. Msimu wa harusi ukifika, kitenge cha aina moja hutokea mara kumi, kumi na mbili, kwa ukubwa mbalimbali. Hapo najua kwamba wanawake kumi na wawili wamesimama mstari mmoja wakiwa wamevaa sare, wakapiga vigelegele, na nyuzi za siku ile sasa zimo mkononi mwangu.

Mengine hutoka kabatini. Kila aliyelelewa Pwani anaijua safari ya kanga. Huja nyumbani ikiwa doti, ngumu, inanuka duka. Huvaliwa kwenye shughuli, kisha ikazoeleka ikawa ya jikoni. Hubeba mtoto mgongoni. Ikizidi kuchakaa hukunjwa ikawa kata ya kutulizia ndoo kichwani, na mwisho huwa tambara la kupangusia meza. Mshonaji wa viraka huisimamisha safari hiyo kituo kimoja kabla ya mwisho. Kanga huchanika katikati na kufifia pale inapokaliwa, lakini kwenye pindo mara nyingi rangi bado imesimama. Pale ndipo mkasi wangu unapoingia. Wakati mwingine hutoka na sehemu ya jina, yale maneno ya kanga, na herufi zilizokatika hubaki zikielea: nusu ya onyo, mkia wa dua, neno moja la mahaba lisilo na mwenyewe.

Kuna taratibu, na nimezilipia. Mfarishi wangu wa kwanza ulikuwa na vipande vyeupe na vya kisutu kipya, ile kanga nyekundu, nacho sikukifua kwanza. Ulipoingia majini nyekundu ikatoka yote, nyeupe ikawa waridi, na pamba mpya ikarudi huku ya zamani ikikaa palepale, hata mishono ikajikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Tangu siku hiyo kila kipande hufuliwa peke yake, kikaanikwa kivulini, kikapigwa pasi, ndipo kiruhusiwe kukaa na wenzake. Pamba nailaza na pamba. Vitambaa vya plastiki vinavyoyeyuka kwa pasi navirudisha guniani. Hukitazama kila kipande uelekeo wa nyuzi zake. Kitambaa kilichofuata uzi hutulia, kilichokatwa hanamu huvutika, na ukiviunga bila kujua, kimoja kitamburura mwenzake. Mshono wa kuunga huuachia robo inchi, kisha naufungua na kuulaza kwa pasi. Asiyelaza mishono hujenga vilima ambavyo sindano ya bandi itakuja kuvipanda kwa taabu.

Hayo mtu huyajua kwa mwaka mmoja. Lililonichukua muda mrefu ni jingine. Fundi huanza na mtu: hupima kifua, kiuno na urefu, kisha akakifanya kitambaa kimfuate mtu huyo, na kinachozidi kikaanguka chini ya meza. Mshonaji wa mfarishi huanza na kilichoanguka. Umbo lake limekwisha kuamuliwa na mkasi wa mtu mwingine: mwezi mchanga uliotoka kwenye kwapa la gauni, pembe ndefu iliyotoka ubavuni mwa sketi, ukanda mwembamba wa upindo. Siwezi kukiamuru kiwe kingine. Ninachoweza ni kukigeuzageuza, kukitafutia jirani, na kusubiri macho yakubali. Mwanzoni nilikuwa nikivikata vyote viwe miraba iliyolingana, na mifarishi yangu ikatoka safi na mikavu. Siku niliyouacha mwezi mchanga ubaki mwezi, nikaulaza kando ya kaki ya shule, ile kaki niliyokuwa nikiidharau ikapata utulivu kama mchanga wa ufukweni maji yakipwa. Kipande kilijua mahali pake kabla yangu.

Tukidhani kazi hii ni ya wageni, tuikumbuke leso. Karne ya 19 ikielekea ukingoni, wanawake wa Zanzibar na Mombasa walikuwa wakinunua leso za mraba zilizochapishwa, na jina lenyewe tumelirithi kwa Wareno. Dukani zilikaa kwenye jora, hazijatenganishwa. Inasimuliwa kwamba wanawake wakaanza kukata leso sita kwa pamoja, wakazigawa safu mbili za tatu tatu, wakaziunga ubavu kwa ubavu, wakapata vazi ambalo hakuna kiwanda kilichokuwa kimelifikiria. Wafanyabiashara walipoona jinsi lilivyopendwa, wakaagiza kitambaa kilichochapishwa kizima kwa upana ule. Mombasa mpaka leo kanga huitwa leso. Kwa hiyo lile vazi tunalozaliwa ndani yake na kulilia ndani yake lilianzia kwenye mshono. Kwanza walikuwapo wanawake walioketi na sindano, wakaunganisha vipande. Kiwanda kilikuja nyuma yao.

Mshono huo ulivuka bahari pia. Katika misitu ya milima ya Karnataka, kusini-magharibi mwa India, wanaishi Wasiddi, watu ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi wakiwa wametekwa na kupelekwa Goa enzi za Wareno. Baadhi yao walitoroka utumwani wakajificha misituni, na vizazi vyao viko huko hadi leo: Waislamu, Wakristo na Wahindu, wakizungumza lugha za huko. Wanawake wao hushona kwa mkono mfarishi uitwao kawandi. Hutandika sari kuukuu iwe tabaka la chini, wakaanza kulaza vipande vya nguo chakavu ukingoni, wakivishona kwa bandi papo hapo, mstari ukifuata mstari kuzunguka kingo zote, mzunguko wa pembe nne ukizidi kupungua mpaka vipande vya mwisho vinakutana katikati. Hakuna mchoro wala kipimo. Kwenye pembe nne huweka vitambaa vilivyokunjwa mara nyingi vikawa pembetatu nene, waviitavyo phula, maana yake ua. Kawandi isiyo na phula, kwao, iko uchi.

Henry Drewal, mwanahistoria wa sanaa kutoka Marekani, alikwenda kukaa nao, akaandika habari zao na kuwasaidia wanawake hao kuuza kazi zao kwa ushirika. Nilipoziona kwa mara ya kwanza picha za kawandi, niliziweka picha hizo kando ya mifarishi yangu na nikakaa kimya muda mrefu. Siwezi kudai kwamba bandi ile ilitoka Pwani hii ikiwa kichwani mwa mateka. India yenyewe ina ushonaji mkubwa wa viraka, na watu hujifunza kwa majirani. Ninaloliona ni hili: watu walionyang'anywa ardhi, jina na lugha walikuta mbele yao nguo kuukuu na sindano, na kwa vitu hivyo viwili wakatengeneza kitu ambacho kina sheria zake, fahari yake, na ua katika kila pembe.

Ng'ambo nyingine ya dunia, kwenye kona ya mto Alabama nchini Marekani, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend. Wakazi wake wengi ni wa uzao wa waliokuwa watumwa kwenye shamba la pamba la mtu aliyeitwa Pettway, na jina hilo wengi wanalo hadi leo. Wanawake wa pale walishona mifarishi ili watoto wasipigwe na baridi iliyopenya kwenye nyufa za kuta za mbao. Walitumia magunia na nguo za kazi. Kwenye jinsi iliyopauka bado unaona alama nyeusi ya mraba pale mfuko ulipobanduliwa. Mwaka 1942 Missouri Pettway, mumewe alipokwisha kufariki, alizichukua nguo zake za shambani akazishona mfarishi, ili amkumbuke na ajifunike. Miaka sitini baadaye, mwaka 2002, mifarishi ya kijiji hicho ilitundikwa kwenye kuta za jumba la sanaa la Whitney, New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikaitolea stempu kumi. Nafurahi kwamba ulimwengu uliiona. Lakini usiku wa kwanza Missouri Pettway alipojifunika nguo za mumewe, kazi ile ilikuwa imekwisha kutimia.

Msomaji asiye na subira ya mfarishi aanze na vidogo. Vipande viwili vya jinsi na kimoja cha blanketi kuukuu katikati vinatosha kwa kishikio cha sufuria, na vidole vitakushukuru kila ugali unapoepuliwa. Mabaki ya kitenge kimoja yanatoa kibahasha cha miwani. Kanga iliyochoka hutoa foronya mbili. Mikanda myembamba isiyofaa kitu husukwa kama ukili, ikazungushwa na kushonwa, ikawa kitanga cha mlangoni. Huhitaji cherehani, mimi ninayo ya miguu na bado saa nyingi huishia kwenye sindano ya mkono, kwa kuwa sindano huenda barazani, hospitalini nikingojea mgonjwa, na matangani, ambako mikono isiyo na kazi hutetemeka. Vidogo hivi sijawahi kuviuza. Huvitoa zawadi, na aliyepewa mara nyingi hukigusa kipande kimoja na kusema: hii si ile kanga ya shangazi? Hapo mazungumzo ya saa nzima huanza.

Mama yangu alipofariki, kanga zake ziligawiwa kwa wanawe na jamaa, kama ilivyo desturi. Baada ya mwaka niliwaendea mmoja mmoja nikawaomba ukanda mmoja tu wa pindo, upana wa kiganja. Hakuna aliyeninyima. Kanda hizo zilikaa kwenye mfuko muda mrefu kwa sababu sikujua pa kuzianzia. Wasiddi ndio walionionyesha: ukingoni.

Mfarishi huo sasa uko mapajani mwangu. Mama amezunguka pande zote nne. Ndani yake wamefuata dada zangu, kisha harusi za mabinti zetu na zile sare zao za kitenge, kisha nguo za wajukuu wachanga, na pembeni nimekunja phula nne za kisutu, kilichofuliwa vizuri safari hii. Katikati pamebaki tundu la ukubwa wa kiganja. Nimepekua gunia zima sikupata kipande cha kulijaza, na kitambaa kipya sitaki kukikata. Mjukuu wangu wa mwisho anaanza darasa la kwanza Januari. Jana alisimama mbele ya fundi, mikono ameinyoosha, akapimwa sketi ya bluu, na mimi nikamwomba fundi neno moja tu: kitakachoanguka chini ya meza, aniwekee.