Chemko Iko Upande wa Pili

Santuri iliyokaa Tukuyu huota ukungu kabla haijaota vumbi. Mvua ya Rungwe haijui kuaga, na jalada la karatasi hunyonya unyevu mpaka ligandie sahani. Kwa hiyo kabla ya kusikiliza kuna kuosha: maji vuguvugu, tone la sabuni, kitambaa laini kinachozunguka na mistari bila kuikata, na karatasi ya katikati isiguswe na maji. Spiriti weka mbali na zile sahani nzito za mizunguko 78. Zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu, nao huyeyuka. Kisha simamisha zikauke kivulini. Huku kwetu, kukauka si jambo la saa moja.

Sasa weka sahani ndogo ya mizunguko 45 ya Morogoro Jazz. Santuri nyingi za dansi za miaka ile ziliukata wimbo mara mbili: upande wa kwanza waimbaji watoe kisa chao taratibu, upande wa pili chemko, yaani sehemu ya kasi. Wengi hukimbilia chemko, na humo hukimbilia solo la Mbaraka Mwinshehe. Hawakosei. Lakini ukiirudia sahani bila haraka, sikio huhamia kwenye gita la rithimu, lile ambalo hakuna aliyewahi kulishangilia ukumbini. Linajibizana na gita la solo kama watwangaji wawili kwenye kinu kimoja: huyu akipandisha mchi, yule anashusha, na hawagongani. Bendi ilipiga pamoja, mara moja, mkanda ukizunguka. Mpiga rithimu akiteleza dakika ya tatu, wote wanaanza upya. Ndiyo maana hapigi noti asiyoihitaji. Ufundi wake uko kwenye yale anayoyaacha.

Sunburst walikuwa na hesabu nyingine. Bendi hiyo ilianzia Dar es Salaam mwaka 1970, ikahamia Zambia, na huko ikatoa *Ave Africa* mwaka 1976, mwaka uleule treni za TAZARA zilipoanza safari rasmi kati ya Dar na Kapiri Mposhi, zikipita Mbeya, jirani zetu. James Mpungo anaimba. Gita ni la Hembi Flory Kongo. Aliyelelewa na dansi huiona sahani hii ngumu mwanzoni, maana gita halitiririki: linakwaruza, linanyamaza, linakwaruza tena, na besi ndiyo inayobeba mwendo. Ukizoea, unagundua ni adabu ileile ya mpiga rithimu wa Morogoro, ila safari hii imesogezwa mbele ya jukwaa.

Nakala za mwanzo zilikuwa adimu mno mpaka kampuni ya Strut ya London ilipozitoa upya rekodi za bendi hiyo mwaka 2016. Kwa anayejifunza gita, hiyo inatosha: asikilize mkono wa kulia wa Kongo kwanza, wa kushoto baadaye.