Baka Hili ni la Lini? MRI Ilivyoingia Katika Utambuzi wa MS

Mwaka 1981, katika hospitali ya Hammersmith jijini London, Ian Young na wenzake waliwapima kwa mashine mbili wagonjwa 10 wa multipo sklerosisi, au MS kama madaktari wanavyoiita. CT skani ilionyesha mabaka 19 kwenye ubongo wao. Mashine mpya ya sumaku, ambayo leo tunaiita MRI, iliyaona hayo 19 na mengine 112 zaidi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet, na wengi husimulia habari hii kana kwamba iliishia hapo. Kwangu mimi, kuyaona mabaka ilikuwa sehemu nyepesi. Kazi ilikuwa kujua kila baka lina umri gani.

Umri ulikuwa na maana kubwa kwa sababu ya tabia ya ugonjwa wenyewe. Katika MS, kinga ya mwili hushambulia myelini, ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva. Hushambulia hapa leo, kwingine baada ya miezi: jicho linauma na kufifia, kisha linapata nafuu, baadaye miguu inakufa ganzi. Shambulio moja linaweza kuletwa na maradhi mengine mengi, ndiyo maana vigezo vya Schumacher vya 1965 vilitaka mashambulio mawili, sehemu mbili tofauti, yakipishana kwa mwezi au zaidi. Mwenye shambulio moja alirudi nyumbani kusubiri la pili. Ilibidi aumie tena ndipo ugonjwa wake upewe jina.

MRI haipigi picha ya myelini. Inachosikiliza ni haidrojeni, ambayo kwa sehemu kubwa imo kwenye maji. Myelini ikiharibika, maji huongezeka mahali pale, na katika picha za aina ya T2 panatoka peupe. Shida ni kwamba vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo navyo hutoka vyeupe, na MS hupenda kukaa pembezoni mwake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wa Hammersmith walipata dawa ya tatizo hilo: mbinu ya FLAIR. Mashine hupindua kwanza mawimbi yote, kisha husubiri sekunde mbili na ushei, hadi wimbi la maji ya ubongo linapopita kwenye sifuri, ndipo ichukue picha. Maji yanageuka meusi; mabaka ya pembezoni yanabaki meupe.

Lakini baka la FLAIR halina tarehe. La wiki iliyopita na la miaka mitano hufanana.

Tarehe ililetwa na gadolini, dawa inayochomwa kwenye mshipa wa mkono. Mishipa ya damu ya ubongo wenye afya haiiachii ipenye. Penye baka jipya, uvimbe umelegeza kile kizuizi, dawa inavuja, na sehemu hiyo inang'aa katika picha za T1. Baada ya wiki chache kizuizi hujifunga na mng'ao hupotea. Kwa hiyo baka moja likinywa gadolini na jirani yake likakataa, una matukio mawili ya nyakati tofauti mbele ya macho yako. Jopo la Ian McDonald, daktari mzaliwa wa New Zealand aliyefanya kazi London, liliruhusu katika vigezo vyake vya mwaka 2001 kwamba baka jipya kwenye picha ya baadaye lihesabiwe badala ya shambulio la pili. Marekebisho ya 2010 yakaenda mbali zaidi: hata kipimo cha siku moja kinaweza kutosha.

Kasi hiyo ilikuja na gharama. Kipandauso huacha mabaka meupe, shinikizo la damu pia, na uzee nao. Vigezo vya McDonald vilitungwa kwa mtu mwenye shambulio linalofanana na MS, si kwa kila mwenye kuumwa kichwa aliyeingizwa kwenye mashine. Kwa wasomaji wetu kuna tahadhari nyingine: watu wenye asili ya Afrika hupata zaidi NMOSD, ugonjwa mwingine wa kinga unaoiga MS, na baadhi ya dawa za MS huuzidisha. Baka la uti wa mgongo lenye urefu wa pingili tatu au zaidi linapaswa kumfanya anayesoma picha aushuku ugonjwa huo.

Njia ya kuyachuja mabaka ilitoka kwenye darubini za kale. Mwaka 1863, Eduard Rindfleisch aliona mshipa wa damu katikati ya mabaka ya MS. Leo picha zinazonasa damu yenye oksijeni pungufu huuonyesha mshipa huo kama uzi mweusi uliopenya doa jeupe. Mabaka ya shinikizo la damu mara nyingi hayana uzi huo.

Marekebisho ya 2024 ya vigezo vya McDonald yameupa mshipa huo nafasi rasmi, yameongeza neva ya jicho kuwa eneo la tano la kutafutia mabaka, na yameondoa ulazima wa kuthibitisha nyakati mbili tofauti. Ila aliyevuka miaka 50, au mwenye maradhi ya mishipa ya damu, bado anahitaji ushahidi wa ziada: baka kwenye uti wa mgongo, uzi ule mweusi, au majibu ya maji ya uti wa mgongo.