Ufuatiliaji, Maudhi na Afya: Uhakiki wa Istilahi Tatu za Tiba ya Skizofrenia

Miongoni mwa istilahi za tiba zinazohitaji kuangaliwa upya ni zile zinazohusu upimaji wa afya ya mwili kwa watu wanaotibiwa skizofrenia. Katika makala haya tutazihakiki tatu, yaani ufuatiliaji, maudhi na afya, na kuonyesha kwamba kila moja, kwa namna yake, humfanya msikilizaji aupe mwili wa mgonjwa kisogo.

Juu ya jina la ugonjwa wenyewe hatutakaa sana. Eugen Bleuler alilibuni mwaka 1908 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kupasuka kwa akili. Wajapani waliitafsiri maana hiyo neno kwa neno, na mwaka 2002 wakalazimika kulibadili jina hilo kwa kuwa lilikuwa likiwafedhehesha wagonjwa. Basi afadhali sisi tubaki na skizofrenia kuliko kutafsiri mpasuko usiokuwapo. Kadhalika tuseme ‘mtu mwenye skizofrenia’ badala ya ‘mgonjwa wa akili’, kwani huyo wa pili akilalamika kifua, wasikilizaji hudhani ni akili inayosema.

Yafaa sasa tueleze kazi inayotafutiwa jina. Dawa za ugonjwa huu, tangu klopromazini ilipoanza kutumika Ufaransa mwaka 1952, zimewarejesha watu wengi majumbani na makazini. Lakini baadhi yake, hasa klozapini na olanzapini, huongeza uzito na huweza kuleta kisukari na kuzidisha mafuta katika damu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba watu wenye maradhi makali ya akili huishi miaka 10 hadi 20 pungufu ya wengine, na kwamba wengi huuawa na maradhi ya mwili yanayozuilika. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2014 na taasisi ya NICE unataka mgonjwa apimwe uzito, kiuno, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, sukari na mafuta katika damu kabla ya kuanza dawa. Uzito hupimwa tena kila juma kwa majuma 6 ya mwanzo, kisha katika juma la 12, kisha baada ya mwaka, na baadaye kila mwaka.

Jina lililozoeleka la kazi hiyo ni ufuatiliaji. Kisarufi neno hili halina kasoro. Limetokana na fuata, likapitia fuatia, likafika fuatilia, na maana yake ni kuliandama jambo kwa karibu hadi kulijua. Katika taarifa za miradi limefaa sana. Lakini tujiulize linamwangukia nani. Mtu mwenye skizofrenia mara nyingi huwa na imani isiyotikisika kwamba anaandamwa na jirani, na askari, au na watu asiowajua. Akiieleza hofu hiyo kwa Kiswahili husema, “Wananifuatilia.” Sasa muuguzi, kwa nia njema kabisa, anamwambia, “Tutakuwa tunakufuatilia.” Je, tustaajabu asiporudi?

Wapo wanaopendelea uangalizi. Neno hili ni pole zaidi, lakini katika wodi limekwishachukua maana ya ulinzi: aliye chini ya uangalizi ni yule asiyeachwa peke yake. Tena mtu aweza kuangaliwa mwaka mzima bila kupandishwa kwenye mizani hata mara moja.

Sisi tunaona jibu limo katika kitenzi pima, ambacho hutosha kwa uzito, kwa damu na kwa shinikizo. Mama anayempeleka mtoto kliniki kila mwezi hasemi kwamba mtoto anafuatiliwa. Husema anakwenda kupimwa. Mtoto huwekwa kwenye mizani, uzito huandikwa kwenye kadi, hulinganishwa na wa mwezi uliopita, na ukishuka mama huulizwa mtoto anakula nini. Desturi hiyo inajulikana na haimtishi mtu. Kwa hiyo tunapendekeza upimaji wa vipindi kwa kazi nzima, na kipimo cha awali kwa kile kinachochukuliwa kabla ya dawa. Huenda akatokea wa kusema kwamba kupima ni sehemu tu ya kazi. Ni kweli, ila maneno ‘wa vipindi’ yanadai ulinganisho, na kipimo kinachorudiwa bila kulinganishwa ni kupoteza bure damu ya mtu.

Faida ya kupima yaonekana katika historia ya klozapini. Mwaka 1975 ilijulikana kwamba wagonjwa 8 nchini Ufini walikuwa wamefariki baada ya dawa hiyo kupunguza mno chembechembe nyeupe za damu yao, nayo ikaondolewa katika nchi kadhaa. Mwaka 1989 Marekani iliiruhusu kwa sharti kwamba damu ipimwe mara kwa mara. Dawa ilikuwa ileile. Kilichoongezwa ni kupima.

Neno la pili ni maudhi, ambalo husikika zaidi likiwa ‘maudhi madogo madogo’. Limezoeleka hasa katika huduma za uzazi wa mpango, na hutumiwa ili kumtoa mtu hofu. Kuudhi ni kukera. Mdomo kukauka ni maudhi, na usingizi wa mchana ni maudhi. Kisukari si maudhi. Aliyeambiwa hivyo, akashikwa na kiu isiyokwisha na kukojoa usiku kucha, atavumilia kama alivyoaswa. Wengine husema madhara, na neno hilo nalo laweza kumfanya mgonjwa atupe dawa siku hiyo hiyo. Tunapendekeza athari za dawa liwe jina la jumla; chini yake maudhi yabaki kwa yale yanayokera tu, na madhara kwa yale yanayodhuru mwili.

Neno la tatu ndilo gumu zaidi, kwa kuwa ni letu la kila siku. Katika mazungumzo, kusema fulani ‘ana afya’ mara nyingi ni kusema amenenepa. Aliyekuwa halali wala hali akianza kunawiri, nduguze hufurahi na kusema, “Dawa zimemkubali.” Furaha hiyo ina haki yake. Lakini uzito ukipanda juma baada ya juma, neno lile lile linaufunika. Muuguzi atakayeuliza, “Afya yake yaendeleaje?” atajibiwa, “Afya ipo, tena imezidi!” Hatuwezi kuwakataza watu msemo wao. Twaweza, hata hivyo, kuwataka waandishi wa fomu na vipeperushi wasiishie kwenye ‘afya ya mwili’, bali wavitaje vipimo vyenyewe, yaani uzito, kiuno, shinikizo na sukari, ili ndugu ajue anachoulizwa.

Tunawaomba waganga, wauguzi, na hasa watu wanaotumia dawa hizi pamoja na jamaa zao, watuletee maoni yao kabla mapendekezo haya hayajafikishwa mbele ya kamati ya usanifishaji. Wao ndio watakaoyasema maneno haya kila siku, na wao ndio watakaoyasikia.